Soseji ya Kijiti: Piga Hesabu Kabla ya Kuwasha Jiko

Leo tunaingia jikoni, na tunaingia na simu mkononi.

Ukishuka kwenye steji ya matatu jioni, iwe ni Nyeri, Karatina, Nanyuki au Embu, hutakosa toroli ya smokie na mayai ya kuchemsha. Muuzaji anapasua smokie, anajaza kachumbari, anakuuliza kama utaongeza pilipili, na kabla hujamaliza kutafuna umeshalipa kwa simu. Baridi ya mlimani inamsaidia, kwa sababu kitu cha moto kinajiuza chenyewe. Shida ni kwamba toroli zote zinauza kitu kilekile, kwa hivyo mteja anaenda tu kwa aliye karibu.

Kwa anayetaka kuuza kitu tofauti bila kununua mashine, kuna soseji ya kijiti. Wamarekani huiita corn dog: soseji inachomwa kijiti, inachovywa kwenye uji mzito wa unga wa mahindi, kisha inakaangwa ndani ya mafuta mengi. Ni chakula cha maonyesho. Mtu anakula akitembea, bila sahani wala uma. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1927, Stanley Jenkins wa Buffalo, New York, aliomba hataza ya chombo cha kukaangia vyakula vilivyochomwa vijiti, akaipata mwaka 1929. Kwenye orodha yake ya vitu vya kuchovya alitaja soseji, na pia mayai ya kuchemsha. Kumbe toroli zetu haziko mbali naye!

Na sisi maonyesho tunayo. Kila Septemba, uwanja wa Kabiru-ini hapa Nyeri hupokea maonyesho ya kilimo ya Kenya ya Kati, na watoto wa shule humiminika kwa mabasi. Mwenye soseji ya kijiti siku hiyo hakosi wateja. Anaweza kukosa faida, na hilo ndilo tunataka tuliongelee. Lakini kwanza tupike.

Mahitaji ya vijiti 20

- Smokie 20 na vijiti 20 vya mishikaki
- Unga wa mahindi uliochekechwa, kikombe kimoja na nusu
- Unga wa ngano, kikombe kimoja na nusu, na mwingine kidogo wa kupaka
- Sukari, vijiko 4 vya chakula
- Beking pauda, vijiko 4 vya chai (si hamira!)
- Chumvi, nusu kijiko cha chai
- Mayai 2
- Maziwa, nusu lita
- Mafuta ya kupikia, lita 2

Tumechagua smokie kwa sababu huwa imeshaiva kiwandani. Ukitumia soseji mbichi, ichemshe au uikaange kwanza hadi iive kabisa ndani, kisha uiache ipoe. Ganda la unga huiva haraka kuliko nyama mbichi, na hapo ndipo watu huumwa tumbo.

Namna ya kupika

1. Futa smokie kwa kitambaa safi hadi zikauke. Kata ncha kali ya kila kijiti, hasa kama wateja ni watoto, kisha ukiingize hadi karibu robo tatu ya smokie.
2. Changanya vitu vyote vikavu. Piga mayai na sehemu ya maziwa, mimina, koroga. Usimwage maziwa yote mara moja. Unataka uji mzito unaoshika kijiko bila kuchuruzika.
3. Uache utulie dakika 10 ili unga wa mahindi unywe maziwa. Usipofanya hivyo, ganda litakuwa na chengachenga.
4. Pakaza smokie unga mkavu kidogo. Mimina uji kwenye gilasi ndefu, chovya smokie, izungushe ukiitoa.
5. Kaanga tatu tatu, ukizigeuza, kwa dakika 4 hivi, hadi ziwe rangi ya dhahabu iliyokolea. Ziweke kwenye karatasi ya kunyonya mafuta.

Sufuria isijae mafuta kupita nusu. Yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa kifuniko. Usimwagie maji hata kidogo.

Jambo la watu wa mlimani

Mapishi mengi ya mtandaoni yatakuambia upashe mafuta hadi nyuzi 175 au 180. Hayo yameandikiwa watu wa nchi tambarare. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki zaidi ya mita 1,900. Huku kwetu maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Kwa hivyo unyevu ulio ndani ya ganda hugeuka mvuke mapema na ndani hubaki na joto la chini, huku nje mafuta yakiendelea kuchoma. Matokeo yake unayajua: nje imeungua, ndani bado ni uji.

Dawa ni kushusha moto kidogo, mafuta yawe kama nyuzi 165 hadi 170, na kuongeza muda. Huna kipimajoto? Dondosha tone la uji. Likizama na kupanda polepole likiwa na mapovu, uko sawa. Likiwa kahawia papo hapo, punguza moto. Mafuta yakitoa moshi, yametoka kwenye mstari kabisa. Beking pauda pia tumeipunguza kwa sababu hiyohiyo ya mwinuko: ikizidi, ganda linafura haraka halafu linapasuka.

Sasa hesabu

Bei hubadilika kila wiki, kwa hivyo chukua hizi kama mfano tu, uweke za duka lako. Tuseme smokie 20 ni shilingi 500. Unga wote 60, mayai 30, maziwa 35, sukari na vikolezo 25, vijiti 20. Mafuta yaliyonyweka na kuchakaa, 120. Gesi au makaa, 60. Karatasi na sosi ya nyanya, 50. Jumla ni shilingi 900, yaani 45 kwa kila kijiti.

Ukiuza kwa 60, unapata 1,200 na faida ya 300. Inaonekana vizuri. Lakini hebu igeuze hiyo hesabu: vijiti 15 vya kwanza vinarudisha zile 900 zako, hakuna zaidi. Faida yote iko kwenye vijiti vitano vya mwisho. Ukimpa rafiki viwili, kimoja kikaanguka na viwili vikalala, umefanya kazi ya bure siku nzima. Na hapo bado hatujagusa nauli, ada ya nafasi uwanjani wala jasho lako.

Wengi hawagundui hili kwa sababu pesa ya soseji inaingia kwenye laini ileile inayopokea karo, chama na mkopo wa shemeji. Jioni salio linaonekana nono, unanunua mboga na kutuma mia mbili nyumbani, na asubuhi huna ya kununulia smokie. Hujaibiwa. Umekula mtaji.

Ndiyo maana tunakushauri utenganishe. Tumia namba ya till au laini ya biashara peke yake. Kila jioni fanya mambo matatu: toa mtaji wa kesho na usiuguse, andika vilivyobaki au kuharibika, kisha jilipe kutoka kwa faida. Mwisho wa wiki omba taarifa ya miamala yako uisome kama unavyosoma risiti ya duka. Ukitaka mkopo mdogo wa biashara siku moja, taarifa hiyo ndiyo itakusemea.

Foleni ndefu, macho kwenye simu yako

Siku ya maonyesho watu ni wengi, mtandao unasuasua, na mikono yako ina unga. Hapo ndipo mjanja anakuonyesha simu yake: "Mama, nimeshatuma, angalia." Mteja mmoja wa uongo akichukua vijiti vitatu amekubebea shilingi 180, zaidi ya nusu ya ile faida yako ya 300. Kwa hivyo:

- Amini simu yako, si ya mteja. Kama ujumbe haujaingia kwako, angalia salio au miamala yako kabla ya kumpa kitu.
- Angalia ujumbe umetoka wapi. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la huduma, hauji kutoka kwa namba ya mtu binafsi.
- Mtu akikuambia, "Nimekutumia zaidi kimakosa, nirudishie," usitume kwa mkono wako. Mwelekeze apige huduma kwa wateja aombe muamala urudishwe. Aliyekosea kweli hatakataa.
- PIN ni yako peke yako. Msaidizi wako akae kwenye mafuta au kwenye malipo, na anayekaa kwenye malipo aweze kuona ujumbe bila kujua PIN.
- Bandika namba ya till mahali panaposomeka kutoka mbali, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mteja. Itakupunguzia maswali na makosa.
- Beba chenji. Bado kuna nyanya atakayekuja na noti.

Kabla ya kuuzia watu, pitia ofisi za kaunti upate leseni ya biashara na cheti cha afya cha wanaoshika chakula. Cheti hicho hufanywa upya kila miezi 6, kwa hivyo gharama yake nayo iingize kwenye hesabu.

Usingoje Septemba. Wikendi hii pika vijiti 20 nyumbani, uwauzie majirani kwa bei ya kweli, na wote walipe kwa namba ya biashara. Jioni keti na simu na kalamu. Ukiona vile vitano vya mwisho vimebaki mfukoni mwako, uko tayari kwa Kabiru-ini. Usipoviona, bora umejua ukiwa nyumbani, ambako angalau watoto watamaliza zilizobaki.