Wangechi Mutu: Mwanamke wa Mkasi, Udongo na Shaba

Hili jarida ulilolishika, ukimaliza kulisoma utalifanya nini? Wengi mnawaazima mashosti, wengine mnafungia vitumbua (hatukasiriki). Wangechi Mutu angechukua mkasi.

Angeanza na mdomo wa mrembo wa jaladani. Halafu jicho kutoka tangazo la losheni, kipande cha pikipiki kutoka jarida la mashine, ngozi ya mnyama kutoka jarida la mambo ya porini. Vyote hivyo angevibandika na kuvipaka rangi mpaka atokee mwanamke mmoja ambaye unashindwa kuamua kama ni mzuri au anatisha. Unamwangalia, unageuka, unarudi kumwangalia tena. Kwa picha za namna hiyo, huyu dada wa Nairobi alijulikana dunia nzima.

Alizaliwa mwaka 1972, akasoma Loreto Convent Msongari, kisha akaenda Wales kwenye chuo cha kimataifa cha Atlantic. Miaka ya 1990 akatua New York. Chuo cha Cooper Union alimaliza mwaka 1996, na shahada ya uzamili akaipata Yale mwaka 2000. Sasa sikiliza: Yale alisomea uchongaji. Yaani sanamu! Lakini jina lake lilikuja kuvuma kwa karatasi na gundi, na sanamu zikasubiri zamu yao.

Warembo wasio na mikono

Mwaka 2001 alitengeneza mfululizo wa picha ndogo alioupa jina la Pin-Up. Kwa mbali unaona warembo wamepozi kama wale wa kalenda za gereji. Sogea karibu. Huyu hana mkono, yule mguu umekatika. Ilikuwa miaka ya vita vya Sierra Leone, ambako waasi waliwakata raia mikono, na almasi zilizosaidia kugharimia vita hivyo zilikuwa zikiuzwa nje na kuvishwa vidoleni kwa mapenzi tele. Ukishajua hilo, pete ya uchumba huitazami vilevile.

Hapa niseme la kwangu. Miaka michache iliyopita tulimpiga picha dada mmoja kwa kurasa za mitindo. Alikuwa na kovu refu la kuungua mkononi. Sikumuuliza, nilimwambia tu kijana wetu wa kompyuta alifute, na likafutika safi kabisa. Jarida lilipotoka dada akanitumia ujumbe wa shukrani, halafu chini akauliza: "Ule mkono ni wa nani?" Sikumjibu mpaka leo. Siku nilipokutana na picha za Wangechi kwa mara ya kwanza, huyo dada ndiye aliyenijia kichwani. Sisi tunakata pia, tofauti ni kwamba sisi tunaficha mshono.

Yeye mshono anauacha uonekane. Kuna kazi yake ya mwaka 2006 yenye picha 12, ambayo alichukua michoro ya kidaktari ya magonjwa ya kizazi cha mwanamke akaitengeneza kuwa nyuso. Macho na midomo ya kwenye majarida, juu ya uvimbe wa tumbo la uzazi. Ni kazi ngumu kuitazama, hasa kama umewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ukisubiri majibu. Kazi nyingine alizifanya juu ya karatasi ya plastiki iitwayo Mylar, ambayo wino hauzami ndani yake. Unatuama, unatambaa, unakauka na madoa kama ngozi inayoumwa.

Kutoka ukutani

Filamu alianza mapema. Mwaka 2004, akiwa Texas karibu na mpaka wa Mexico, alijipiga picha za video akikatakata gogo kwa panga jua likizama. Basi, hakuna kingine kinachotokea, lakini baada ya vita vya panga tulivyovishuhudia jirani zetu, mlio ule hauwi wa kuni tu. Mwaka 2013 akatoa filamu ya katuni akiwa na mwanamuziki Santigold, kuhusu kiumbe kinachokula mpaka kinapasuka. Na mwaka 2014 alifanya maonyesho London akayapa jina la Kiswahili kitupu: Nguva na Nyoka. Wazungu walilitamka hivyohivyo! Sisi wa pwani tunamjua nguva, nusu samaki nusu mwanamke, na onyo la wavuvi juu yake. Nguva wake hana aibu wala haombi msamaha kwa mtu.

Sanamu nazo zikarudi, safari hii za udongo mwekundu wa kwao, matawi ya miti na karatasi zilizosagwa, baadaye shaba. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilimpa kazi ya kujaza vishubaka vinne vya ukuta wake wa mbele, vilivyokuwa vitupu tangu mwaka 1902. Aliweka wanawake wanne wa shaba, wamekaa wima, wana visahani vinavyong'aa usoni au kichwani, vya kukumbusha ndonya. Kwenye sanaa ya Afrika, na ya Ugiriki vilevile, mwanamke mara nyingi huchongwa akiwa amebeba kitu: kigoda cha chifu, paa la hekalu. Hawa wanne hawakubeba chochote.

Siku hizi anaishi kati ya New York na Nairobi, ana studio huku na huko.

Kazi inayonisumbua zaidi ni filamu yake ya mwaka 2015, The End of Carrying All, iliyoonyeshwa Venice. Wangechi mwenyewe anatembea kwenye mlima na kapu kichwani. Kila hatua mzigo unaongezeka: gurudumu, dishi la setilaiti, majengo. Mgongo unapinda, naye anaendelea kupanda mpaka ukingoni, ambako mwili na mzigo vinakuwa donge moja na kumezwa na ardhi.

Nilimwonyesha mume wangu kipande chake kwenye simu. Akatazama, akauliza, "Sasa si angetua?" Nikamuuliza angemtulia nani. Tukaanza taratibu, na kufika saa sita usiku tulikuwa tumeshafika kwenye ada za shule, wageni wa Krismasi na nani huwa anakumbuka dawa za mama yake. Hatukumaliza. Asubuhi niliamka nikakuta ameshaondoka na mtoto kumpeleka shule, na amesahau mkoba wa chakula mezani.