Umeachiwa Watoi Likizo na Hauna Doh? Tengeneza Trela la Malaba na Boksi ya Maziwa

Shule zikifunga Agosti, ni wewe huachiwa watoi. Unaijua hiyo stori. Siz anaenda mboka, anakwambia "nitazamie tu hawa kidogo," na hiyo kidogo inaanza saa moja asubuhi hadi giza liingie. Saa tatu wamemaliza bando yako yote. Saa nne wanauliza lunch ni nini. Saa tano kuna mmoja haonekani.

Mimi ilinipata Malaba. Keja ya siz iko karibu na ile barabara ya kutoka Mombasa hadi Kampala, na hapo trela hupanga laini zikingoja kuvuka kuingia Uganda. Boi wake, miaka saba, nilimpata ameinama katikati ya tairi za trela, kichwa ameingiza chini kabisa, anachungulia. Injini ilikuwa inanguruma. Nilimvuta na shati, nikamfokea mpaka sauti ikaniisha, na kusema ukweli mikono yangu ndiyo ilikuwa inatetemeka kuliko yake. Baadaye ndio nikamuuliza alikuwa anatafuta nini huko chini.

"Anko, nilikuwa nataka kuona kenye inazungusha tairi."

Sasa hapo unafanya nini? Kumfungia ndani inasaidia siku moja, na trela ziko hapo kila siku. Nikaamua heri trela ije kwa nyumba.

Tafuta boksi mbili za maziwa au juisi, zile ngumu. Zioshe vizuri, la sivyo kesho keja yote itanuka maziwa lala. Boksi moja ni kichwa, ikate iwe fupi. Ya pili ni bodi ya kubeba mzigo, kata upande wa juu iwe wazi. Tairi unakata kwa slipa kuukuu: weka kifuniko cha chupa, zungushia na kalamu, kata kwa kisu. Kukata ni kazi yako, mtoi achore. Vifuniko vyenyewe pia vinaweza kuwa tairi, lakini slipa inashika simiti vizuri na haipigi kelele.

Ekseli ni spoku ya baiskeli. Hapa mpakani mafundi wa baiskeli hawakosi, na spoku zilizopinda wao hutupa tu. Mwamkie fundi vizuri, mwambie ni za mtoto, atakupea. Na ukiwa hapo mwambie mtoi kitu anaweza kuenda kujigamba nacho shuleni: jina boda boda lilianza huku kwetu. Miaka ya 60 na 70, wasee wa Busia walikuwa wanabeba abiria kwa baiskeli kuwavusha kutoka posti moja hadi nyingine, wakiita "boda! boda!" Kabla ya nduthi za leo kujaa kila mji, ilikuwa baiskeli na kiti cha nyuma.

Sasa sikiza, hapa ndio wasee wengi huharibu. Wanadunga spoku moja kwa moja kwa boksi, wanagundisha kila kitu, halafu trela inagoma kutembea. Inaburutwa tu kama mbuzi wa Krismasi. Tairi inafaa kushika spoku kabisa, lakini spoku yenyewe izunguke huru. Kwa hivyo chukua mrija wa soda, ukate uwe na upana wa boksi, ugundishe chini. Pitisha spoku ndani ya mrija, kisha dunga tairi huku na huku, ukiacha nafasi kidogo isiguse boksi. Ncha za spoku zifunike na vipande vya slipa visidunge mtu. Fanya hivyo mara mbili kwa bodi na mara moja kwa kichwa, halafu unganisha kichwa na bodi kwa waya laini ili ikate kona kama trela ya ukweli.

Tulipomaliza nikaigeuza juu chini, nikazungusha tairi na kidole. Boi akaangalia, akaangalia tena. "Kumbe." Hiyo tu. Hajarudi chini ya trela tena, ingawa bado tunamchunga, usinidanganye eti boksi ya maziwa inalinda mtoto.

Gundi usinunue. Unga wa muhogo uko karibu kila nyumba huku. Kijiko kimoja cha unga, vijiko vitano vya maji baridi, koroga isiwe na madonge, halafu weka kwa moto mdogo ukikoroga mpaka iwe kama uji mzito. Inashika karatasi na boksi ile mbaya. Mrija ni wa plastiki, kwa hivyo uzungushie ukanda wa karatasi yenye gundi. Tengeneza ya siku mbili tu, maana inachacha, na usiache trela sakafuni usiku. Ya kwanza yetu panya walikula bampa.

Vitu vya kukataa: chupa za dawa ya shamba, hata ukiosha mara kumi. Vibuyu vya petroli, na mpakani viko tele. Na ukiona watoi wakubwa wanachoma tairi ndio watoe waya, wafukuze, huo moshi ni sumu.

Wiki ya pili tukashuka Busia, kwa kukhu wao, Matayos. Huko hata boksi hamhitaji. Agosti mahindi inavunwa, na mabua makavu yamejaa shambani. Menya ganda la nje, ndani kuna kitu laini kama sponji. Vijiti vya ganda ukidunga kwa sponji vinashika bila gundi: miwani, ng'ombe, chochote. Kukhu aliwashinda wote. Alikaa kwa mkeka akatengeneza baiskeli nzima kabla chai haijapoa, na hakuna mtu alijua ana hiyo talanta. Mimi mwenyewe nimelelewa naye na sijawahi kuona.

Mpira nao ulileta mjadala. Sisi wa kitambo tulijua juala, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na kupatikana nayo ni faini ya hadi milioni nne. Ndio, bado zinapenya na panya ruti. Usitume mtoi akatafute. Jaza soksi kuukuu na vitambaa vya mitumba, halafu kaza kwa kamba za majani makavu ya ndizi ukipishanisha kama wavu. Loweka majani kwanza yasikatike.

Binti wa siz, miaka kumi, hakutaka trela wala mpira. Alitengeneza ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa na mikono, zile wasee wenye ulemavu huvusha nazo mizigo pale Busia. Akaijaza maharagwe mpaka ikapinda.

Jioni wakaungana, wakafungua mpaka wao kwa veranda. Kiazi kimekatwa katikati, kimechongwa nyota, kimechovywa kwa masizi ya sufuria na maji: hiyo ni muhuri. Binti akasema kwao ni kusimama mara moja tu, upande unaoingia, kama posti ya Busia iliyofunguliwa rasmi 2018. Trela na miguu-mitatu zikapanga laini kutoka mlangoni hadi kwa karo.

Nikaleta yangu. Boi akakagua chini kwanza, akazungusha tairi zote moja moja.

"Anko, karatasi ziko wapi?"

Sikuwa nazo. Nimelala upande wa Kenya.