Pima Kwanza, Ndipo Uchome: Kisukari cha Paka Kando ya Ziwa Mweru

Mwanamke anayepasua sato kwenye ufukwe wa Kashikishi, wilayani Nchelenge, hutupa matumbo kando, na paka hawasubiri kuitwa. Ndani ya matumbo yale, karibu na mfereji wa nyongo, mna vinundu vyeupe vidogo ambavyo mtu angedhani ni mafuta. Kumbe ndivyo vinavyotengeneza insulini ya samaki. Kwa binadamu, ng'ombe na paka, seli za kazi hiyo zimetawanyika ndani ya kongosho, wala jicho tupu halizioni. Kwa samaki wengi wenye mifupa zimejitenga, zikajikusanya mahali pake. Mwaka 1922 John Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto aliitumia tofauti hiyo. Alikamua vinundu vya samaki wa baharini peke yake, na kongosho lao peke yake, kisha akawachoma sungura. Maji ya vinundu yaliteremsha sukari ya damu, ya kongosho hayakuiteremsha. Ubishi juu ya insulini inatoka wapi ukaisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani walifikia hata kuwatibu wagonjwa kwa insulini iliyotokana na samaki.

Kwa hiyo paka wa ufukweni hula insulini karibu kila siku, na haimfai kitu. Insulini ni protini. Ikifika tumboni humeng'enywa kama mnofu wowote. Ndiyo maana paka mwenye kisukari, sawa na binadamu anayehitaji dawa hiyo, huchomwa sindano chini ya ngozi, kwa kawaida mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12.

Watu wengi huogopa sindano. Ukweli ni kwamba sindano yenyewe hujifunzwa kwa siku chache, maana ni nyembamba mno na paka wengi hawageuzi hata shingo. Kazi iko kwenye namba ya sukari ya damu inayotangulia sindano. Nchelenge ni mahali ambapo hoja hii haihitaji maneno mengi. Wilaya hii ni miongoni mwa zile zinazoandamwa sana na malaria nchini Zambia, na watafiti wa kituo cha magonjwa ya kitropiki cha Ndola wamefanya kazi hapa kwa miaka. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka mgonjwa apimwe vimelea kabla ya kupewa dawa ya malaria. Mama wa hapa anajua homa peke yake haitoshi: kidole hutobolewa, jibu husomwa, ndipo vidonge vitoke. Nidhamu hiyo hiyo ndiyo anayoihitaji paka.

Kisukari cha paka kinafanana sana na kile cha aina ya pili cha binadamu mtu mzima. Mwili unaacha kuitikia insulini vizuri, na kongosho linachoka. Paka na binadamu wanashirikiana hata katika kovu la ugonjwa: protini iitwayo amilini, inayotoka pamoja na insulini, huganda kati ya seli na kuzisonga. Panya wa kawaida wa maabara hapatwi na hilo, ndiyo maana wanasayansi wamemchunguza paka kwa bidii kutafuta habari zetu wenyewe. Anayepatwa zaidi ni dume aliyehasiwa, mwenye umri mkubwa, mnene, asiyetoka ndani. Paka mwembamba anayelinda dagaa waliokaushwa dhidi ya panya yuko mbali na hatari hiyo. Lakini Nchelenge ina watumishi wa serikali, walimu, wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kilwa na Pweto ya Kongo wakizungumza Kiswahili, na nyumba ambazo paka hulala kwenye kochi akala kinachobaki mezani. Huko ndiko pa kuangalia.

Dalili ni hizi: anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa sana, anakula kwa pupa huku anakonda. Wengine mishipa ya fahamu ya miguu ya nyuma hudhoofika, wakaanza kutembea kwa kukanyagia kisigino badala ya vidole. Ukishaona mwendo huo hutausahau.

Kwenye kuthibitisha ugonjwa ndipo paka anapowatatiza madaktari. Sukari ya paka mzima hukaa takriban kati ya milimoli 4 na 7 kwa lita. Mtie kwenye kikapu, mpandishe basi, mweke juu ya meza ya daktari kukiwa na mbwa anayebweka, na hofu peke yake inaweza kuipandisha hadi 16 au zaidi, hali hana ugonjwa wowote. Daktari makini hatangazi kisukari kwa kipimo kimoja. Ataangalia sukari kwenye mkojo, au atapima fruktosamini, ambayo huonyesha wastani wa sukari kwa wiki mbili tatu zilizopita. Kutoka Nchelenge hadi Lusaka, kwenye shule ya udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Zambia, ni safari ndefu ya basi, na paka atafika akiwa amejaa hofu. Kipimo cha nyumbani, paka akiwa amelala mahali alipozoea, kina ukweli zaidi.

Damu hutolewa sikioni. Kuna mshipa mwembamba unaofuata ukingo wa nje wa sikio, unaoonekana ukimulika tochi kwa nyuma. Sikio hupashwa moto kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, kidole huwekwa chini yake na pamba kuwa kinga, kisha unatobolewa ukingo, karibu na mshipa. Hutoka tone dogo kama kichwa cha pini, nalo linatosha. Kijiti cha mashine husogezwa kwenye tone, kikalinyonya chenyewe. Pamba hubanwa kwa muda mfupi, na paka apewe kipande cha samaki papo hapo, kila mara, bila kukosa. Paka aliyezoeshwa hivyo huja mwenyewe saa ikifika.

Mashine za kupima sukari ya binadamu hupatikana kwenye maduka ya dawa, na zinatumika kwa paka mradi mtu ajue tabia yake. Kwa binadamu, chini kidogo ya nusu ya glukosi ya damu imo ndani ya chembe nyekundu. Kwa paka takriban asilimia 93 inaelea kwenye maji ya damu. Mashine iliyopangwa kwa damu yetu kwa hiyo mara nyingi humsomea paka chini ya ukweli. Kosa hilo linaelekea upande wa usalama, kwa kuwa litakufanya uchelewe kuongeza dawa. La muhimu ni kutumia mashine ile ile siku zote na kuandika namba daftarini pamoja na saa, chakula na dozi.

Hatari kubwa zaidi niijuayo katika matibabu haya haitoki kwa paka wala kwa mashine. Inatoka kwenye bomba la sindano. Insulini ya binadamu kwa kawaida ina yuniti 100 katika kila mililita. Nyingi za mifugo zina yuniti 40, na zina mabomba yake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 hadi alama ya 1, umechukua yuniti mbili na nusu. Kwa paka wa kilo nne anayeanza na yuniti moja, hayo yanaweza kuwa mauti. Soma maandishi ya kichupa, soma maandishi ya bomba, na yasipolingana usichome. Insulini nyingi zenye ukungu huviringishwa taratibu viganjani bila kutikiswa. Ile angavu haihitaji. Ngozi ya ubavuni huinuliwa kidogo, sindano ikaingia kwenye mkunjo.

Paka wengi huanza na yuniti moja, mara mbili kwa siku. Kuongeza huenda kwa nusu yuniti au robo, na si kabla ya takriban wiki moja, kwa kuwa mwili wa paka huchelewa kutulia. Anayepandisha dozi kila anapoona namba mbaya atafika siku namba itaanguka ghafla. Mara moja moja daktari ataomba siku nzima ya vipimo, kila saa mbili kwa saa 12, ili aone sukari inashuka hadi wapi na kwa muda gani. Na kipimo cha kabla ya sindano kikiwa chini ya milimoli 10, anayeanza asichome, ampigie daktari.

Kuhusu kuhifadhi, habari njema imetoka Kenya. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya utafiti uliofuata joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyokaa wiki nne katika hali hiyo haikupoteza nguvu kuliko ya kwenye friji. Kwa nchi iliyoupitia mwaka 2024, wakati maji ya bwawa la Kariba yalipopungua mno na umeme wa Zambia ukakatika saa nyingi kila siku, hilo si jambo dogo. Kichupa kilichofunguliwa kinaweza kukaa kwenye mtungi wa udongo uliozungukwa na mchanga mbichi, mbali na jua. Mtungi hufanya kazi vizuri Septemba na Oktoba hewa ikiwa kavu. Mvua zikianza maji hayakauki upesi, na ubaridi wake hupungua. Kisichosameheka ni kuigandisha: insulini iliyowahi kuganda hutupwa.

Sitaki mtu yeyote achukue insulini ya paka kutoka akiba ya hospitali. Kuna watoto wanaoishi kwa vichupa vile. Paka wa yuniti mbili kwa siku hutumia yuniti 56 kwa siku 28, wakati kichupa cha mililita 10 kina 1,000. Anunue mwenyewe katriji ndogo ya mililita 3, na asichangie kichupa kimoja na mgonjwa wa nyumbani.

Chakula nacho ni dawa. Samaki na nyama, wanga kidogo, ndivyo paka alivyoumbwa. Kila mwaka uvuvi wa Mweru hufungwa tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na katika nyumba nyingi sahani ya paka hugeuka kuwa ugali na mchuzi. Sukari hupanda. Machi samaki hurudi, na dozi iliyoongezwa wakati wa ugali ghafla huwa kubwa mno. Majuma hayo ya mabadiliko yanataka vipimo vya kila siku.

Paka akianza kuyumba, kulegea au kutetemeka baada ya sindano, sukari imeanguka. Kama anaweza kumeza, apewe chakula. Kama hawezi, asali au sukari iliyokorogwa hupakwa kwenye fizi, bila kumimina kinywani, kisha apimwe na daktari aitwe. Sindano inayofuata haichomwi mpaka daktari aseme.

Wapo wanaofika mahali insulini haihitajiki tena. Mwaka 2009 Kirsten Roomp na Jacquie Rand walichapisha habari za paka 55 waliopimwa nyumbani na wenye nao, wakitumia insulini ya glajini na chakula chenye wanga kidogo. Asilimia 64 waliacha sindano. Kati ya walioanza utaratibu huo ndani ya miezi sita tangu ugonjwa kujulikana, walioacha walikuwa asilimia 84. Kati ya waliochelewa, asilimia 35.