Bustani ya Dodoma haifuati kalenda ya Bukoba

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, jiji limepata wakulima wengi wapya wa nyuma ya nyumba. Utawakuta Ihumwa, Iyumbu, Nzuguni na Nala: watumishi waliotoka Bukoba, Moshi, Lushoto na Dar es Salaam, kila mmoja na kiwanja chake na ujuzi aliokulia nao. Ujuzi huo si wa uongo. Ni wa mahali pengine.

Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, tena karibu kila mwezi. Dodoma hupata kati ya 500 na 600, na karibu zote hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo mvua hukatika, upepo huvuma na udongo hukauka hadi Novemba. Kwa hiyo ushauri wowote wa bustani, uwe umetoka kitabuni, kwenye video ya simu au kwa jirani, uulizwe kwanza mambo mawili: unazungumzia mwezi gani, na maji kiasi gani? Ukishindwa kujibu, uache.

Chukua tuta. Vitabu vingi hufundisha kuinua tuta ili maji yasituame, na palipo na mvua nyingi ni sawa kabisa. Kwa kiangazi cha Dodoma, tuta la kuinuliwa hukaushwa na jua na upepo kutoka pande zote. Kinachofaa ni kitalu cha kuzama, kilichochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi, kikachanganywa na samadi iliyoiva na kufunikwa matandazo ya nyasi kavu. Mwongozo unaotaja vitalu vya kuzama, matandazo na kivuli umeandikwa na mtu anayekijua kiangazi. Huo nunua.

Hesabu ya maji nayo hurukwa mno. Mboga za kiangazi huhitaji takribani lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Bustani ya mita 10 za mraba itataka lita 50, na tangi la lita 5,000 litaisha kwa siku 100, wakati kiangazi kina zaidi ya siku 200. Upande wa pili, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba likipata milimita 500 hupokea lita 30,000. Maji yapo, kinachopungua ni pa kuyaweka. Ukubwa wa bustani uamuliwe na tangi, si na kiwanja.

Ushauri wa kuaminika haupo mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa mvua kabla ya kila msimu. Dodoma imo katika maeneo yenye msimu mmoja, wa Novemba hadi Aprili. Anayepanda kwa kufuata utabiri wa Vuli au Masika anasoma barua ya mwenzake.

Kwa mbegu, Tengeru mkoani Arusha ina sifa ya miaka mingi. Nyanya za Tanya na Tengeru 97 zilitoka huko. Mkoani humo pia World Vegetable Center inahifadhi mbegu za mboga za asili kama mgagani, mnavu na ngogwe. Ila Arusha ina mvua za misimu miwili: chukua mbegu zao, ratiba waachie. Dukani, tafuta lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kabla ya kutazama picha ya nyanya kwenye pakiti. Karibu zaidi na jiji kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora, nyumbani kwa zabibu, zao linaloonyesha kwamba ukavu nao una faida: magonjwa ya ukungu hupungua, na mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mpenda kusoma atafute jarida la Mkulima Mbunifu, linaloeleza kilimo hai kwa Kiswahili chepesi.

Kisha kuna maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Vipando vya Nzuguni hupendeza mwezi Agosti, kiangazi kikiwa katikati, na ndiyo sababu ya kuvitazama kwa makini. Kila jani bichi unaloliona pale linanyweshwa. Usimuulize bwana shamba jina la mbegu tu; muulize anamwagilia lita ngapi, mara ngapi kwa wiki, na maji anayatoa wapi.

Wanaosahaulika zaidi ni wenyeji. Mashimo ya Chololo, yanayotajwa katika miongozo ya kilimo cha maeneo makavu, yamepata jina kutoka kijiji cha Chololo, Dodoma hapa hapa. Ni mashimo madogo, yenye kina cha takribani sentimita 30, yanayotiwa majivu ya kuzuia mchwa, samadi na mabaki ya mazao, ili mvua chache zitue kwenye mizizi. Akina mama wa Kigogo nao huchuma mlenda wakati wa mvua, huukausha na kuuhifadhi kwa ajili ya miezi ya ukame. Kwao kiangazi hakijibiwi kwa mpira wa maji peke yake. Hujibiwa kwa ghala. Vitabu vingi vya bustani havina sura hiyo.

Anayeanza, basi, aoteshe miche ya nyanya na kabichi Aprili na kuipandikiza Mei, ili ikue wakati wa kipupwe. Kuanzia Oktoba joto hupukutisha maua ya nyanya, hivyo miezi hiyo iwe ya kuandaa samadi na kusafisha mifereji ya bati. Mvua za Desemba zikishika, ni zamu ya mchicha, kunde, maboga na mlenda. Ushauri ukigongana na ratiba hii, mshukuru aliyeutoa, halafu muulize anaishi wapi.