Goma: Kabla ya kutandika mkeka mahali patulivu, angalieni kama hapana mazuku

Kisha ibada ya siku ya yenga, familia nyingi za Goma hupenda kutoka katikati ya mji ili watoto wacheze mbali na vumbi na kelele za motari. Wengine huelekea magharibi, upande wa barabara ya Sake, penye ufuko wa ziwa Kivu na Lac Vert, ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani. Mkeka, sufuria ya wali na sambaza za kukaanga vinatosha kufurahisha nyumba nzima.

Lakini upande huohuo ndio wenye mazuku, jina la Kiswahili ambalo leo hata wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wanalitumia. Mazuku ni gesi ya kaboni inayotoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haionekani kwa macho, na uzito wake ni karibu mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida. Kwa hiyo inashuka na kujaa mashimoni, kama maji katika beseni.

Hapo ndipo penye hatari. Kibonde chenye kivuli, kilichojificha na kisicho na upepo, ambacho familia ingekichagua kwa sababu ya utulivu wake, ndicho gesi hukaa ndani yake. Mzazi aliyesimama anaweza asisikie kitu, huku mtoto aliyelala kwenye mkeka akiivuta. Gesi ikiwa nyingi, mtu hupoteza fahamu na kufa kwa muda mfupi sana.

Saa mbaya zaidi ni usiku na asubuhi mapema, wakati hakuna upepo. Jua likipanda na upepo ukivuma, gesi hupungua, ingawa katika mashimo mengine haiishi hata mchana.

Dalili zipo. Wadudu, ndege au panya waliokufa wakionekana chini, au moto wa makala ukizimika ovyo ndani ya mbabula, familia iondoke mara moja na kupanda juu. Mtu akianguka shimoni, wengine wasimfuate mbio: wengi wamekufa wakijaribu kuokoa.

Kwa hiyo, kabla ya kutandika, ni vizuri kuwauliza wenyeji wa mahali hapo, maana wao wanajua mashimo yaliyoua mbuzi na kuku wao. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, nacho hufuatilia Nyiragongo, Nyamulagira na gesi hizo, na mahali pengine kuna vibao vya kuonya. Kibao kisipokuwepo, si kusema kwamba hatari haipo.

Mahali pazuri pa familia ni pale palipoinuka, penye upepo, jua likiwa limekwisha kupanda. Na watoto wasiachwe washuke mabondeni peke yao, hata kufuata mpira.