Neno "Haki" Katika Mabishano ya Shule za Dini: Mfano wa Usambara

Kifungilo, karibu na Lushoto katika milima ya Usambara, pajulikana kwa shule ya wasichana iliyoanzishwa na Masista wa Damu Azizi. Milimani humo Waislamu, Walutheri na Wakatoliki ni majirani, na swali la mtoto wa nani asome shule ya nani si geni kwao. Katika mabishano hayo neno zito kuliko yote ni haki.

Asili yake ni Kiarabu, ambamo haqq ni kweli, tena ni stahili ya mtu; na al-Haqq ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Wafasiri wa Biblia walilitwika mzigo mwingine. Katika tafsiri ya Union ya mwaka 1952, mwenye haki ni mtu mwema mbele ya Mungu, na mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani. Haki ya namna hii haidaiwi. Hupewa mtu asiyeistahili. Kwa Walutheri hilo ndilo fundisho la msingi.

Siasa ilishika njia ya pili, yaani haki ya kudaiwa. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizitwaa shule nyingi za misheni, ili mtoto asizuiwe kwa sababu ya dini yake. Makanisa yaliiona elimu kuwa huduma, kazi ya upendo. Na upendo, kwa kweli, haushurutishwi. Walakini kwa wazazi Waislamu, ambao wakati wa ukoloni walikuwa na shule chache mno, ilikuwa haki iliyokawia. Mwaka 1992 serikali ilipotia saini makubaliano na makanisa juu ya elimu na afya, Waislamu wengi walilalamika kwamba fedha za umma ni za watu wote. Lalamiko hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kutaja huduma peke yake.

Yafaa kuangalia pia kwamba haki, huduma, imani, hata usawa, yote ni maneno yaliyotoka Kiarabu: padre hawezi kuitetea shule yake bila ya msamiati aliorithi pamoja na shehe. Hivyo husikilizana upesi, wakadhani wamekubaliana. Kamusi huziandika maana hizo mbili kwa namba, moja chini ya nyingine. Barua ya mzazi aombaye nafasi ya bintiye haina namba.