Gitaa la Besi: Kulichagua, Kulitunza na Kulipiga



Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kuwaeleza habari za chombo ambacho kila mtu amekisikia, lakini ni wachache waliokiangalia kwa makini. Ukisimama usiku mbali kidogo na ukumbi wa dansi, hutayapata maneno ya mwimbaji, wala hutatambua gitaa la solo lasema nini. Kitu kikufikiacho kwanza ni ngurumo nene itembeayo chini ya muziki wote. Hiyo ndiyo besi. Ikinyamaza ghafula, wachezaji hupotewa na hatua, ingawa pengine hawajui kilichowapoteza.

Twazungumza hasa na yule mpenzi wa muziki ambaye hapigi kwa kulipwa, bali ana kazi yake ya mchana, ameweka akiba kidogo kidogo, na sasa moyo wake wataka besi yake mwenyewe. Fedha hizo amezipata kwa jasho, na hatupendi azipoteze.

Yafaa kwanza tujue asili ya chombo hiki. Zamani kazi ya sauti nene ilifanywa na fidla kubwa ya kusimama, ambayo kimo chake chapata karibu mita 1.8. Ilikuwa taabu kuichukua safarini, na penye tarumbeta na ngoma nyingi sauti yake ilimezwa. Tena shingo yake haina alama yo yote, hata mpigaji hutegemea sikio na mazoea peke yake apate kujua mahali pa kuweka kidole. Katika miaka ya 1930 Mmarekani mmoja wa mji wa Seattle, jina lake Paul Tutmarc, alitengeneza besi ndogo ya umeme ya kushikwa mikononi kama gitaa, lakini haikuenea. Aliyeieneza ni Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, ambaye yeye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1951 alitoa besi aliyoiita Precision, yaani “usahihi,” kwa sababu shingo yake ilitiwa vyuma vilivyolala kwa kukingama kama ngazi. Mpigaji akibana uzi nyuma ya chuma, sauti hutoka sawasawa.

Besi ya kawaida ina nyuzi nne, nazo hulinganishwa kwa sauti za E, A, D na G. Ni sauti zile zile za nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, ila zimeshuka daraja moja zima la muziki. Uzi ulio mnene kuliko zote hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana sauti yake husikika kifuani kama isikikavyo masikioni.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki besi ya umeme iliingia katika bendi za dansi, ikapata mahali pake kando ya solo na rithimu. Lakini kwa muda mrefu mpigaji hakuwa mwenye chombo. Bendi ya NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, na bendi nyingi za siku zile zilipata vyombo vyao kwa chama, shirika au tajiri. Mpigaji akihama, alihama na vidole vyake tu. Besi aliyoizoea kama mkono wake ilibaki nyuma, akapewa mwingine. Kwa hiyo mtu anunuapo besi yake mwenyewe hanunui ubao na nyuzi tu. Anunua ruhusa ya kupiga saa aitakayo, na ya kukaa na chombo kimoja hata akijue.

Sasa tuje kwenye ununuzi, na hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Besi yetu ya kwanza tuliinunua kwa macho. Tuliiona imetundikwa dukani, nyekundu, yang'aa kama embe bivu, tukalipa bila kuipiga hata mara moja. Tulipofika nyumbani, nyuzi zilipopigwa wazi zilisema vizuri. Lakini kila tulipopanda juu ya shingo sauti ilipotoka, na uzi mnene ulinguruma juu ya vyuma kama nyuki ndani ya chupa. Fundi aliishika, akafumba jicho moja, akatazama urefu wa shingo, kisha akatikisa kichwa. Shingo ilikuwa imejisokota kama ubao uliolala mvuani. Malipo ya kuitengeneza yalizidi bei ya besi yenyewe. Siku ile tulifahamu kwa nini wazee walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi, msikilizaji wetu, usiifuate njia yetu. Mbele ya kutoa fedha, yachunguze mambo matano.

La kwanza ni shingo. Tazama urefu wake kutoka kichwani hata tumboni, kama seremala atazamavyo ubao. Kupinda na kujisokota ni mambo mawili mbalimbali. Ndani ya shingo nyingi mna fimbo ya chuma iwezayo kukazwa au kulegezwa kwa ufunguo, na kupinda kidogo huponywa nayo. Kujisokota hakuponyeki kwa urahisi; ukikuona, rudisha besi mahali pake ukaage kwa adabu. Ili kujua shingo imepinda kadiri gani, bana uzi mnene kwenye chuma cha kwanza, na kwa mkono wa pili uubane pale shingo iingiapo tumboni. Kisha tazama katikati, karibu na chuma cha saba au cha nane. Nafasi kati ya uzi na chuma iwe ndogo, yapata unene wa kadi nyembamba. Ikiwa hapana nafasi kabisa, nyuzi zitanguruma. Ikiwa nafasi ni kubwa, vidole vitachoka upesi.

La pili ni vyuma vya shingoni. Besi nyingi zina 20 au zaidi. Piga kila uzi kwenye kila chuma, pole pole, hata kama muuza duka amekunja uso. Ni mahali 80 au zaidi pa kusikiliza, na kila pamoja pataka kusema. Usistuke ukikuta kwenye uzi mwembamba, kati ya chuma cha tano na cha saba, mahali ambapo sauti hufa mapema kuliko penginepo. Jambo hili hutokea hata katika besi za bei kubwa, kwa sababu mti wa shingo hutikisika pamoja na uzi na kuunyang'anya nguvu. Ikiwa sauti yafifia kidogo tu, si neno. Ikiwa yakatika mara moja, tafuta nyingine.

La tatu ni ulinganifu wa sauti. Gusa uzi kwa wepesi juu ya chuma cha 12, bila kuubana, uupige, kisha uondoe kidole. Utasikia sauti nyororo kama ya kengele. Sasa ubane uzi pale pale, uupige tena. Sauti hizi mbili zapaswa kuwa moja. Ikiwa ile ya kubana iko juu zaidi, uzi ni mfupi, na egemeo lake la chuma lililo tumboni larudishwa nyuma kwa bisibisi. Ikiwa iko chini, egemeo lasogezwa mbele. Jambo hili hutengenezeka kwa dakika chache, maadamu egemeo bado lina nafasi ya kusogea. Basi hakikisha kuwa nafasi hiyo ipo.

La nne ni umeme. Chini ya nyuzi mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, nazo ndizo zigeuzazo mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme. Unga besi kwenye mashine ya kukuza sauti, ugeuze vifundo vyake vyote. Mkwaruzo wa vifundo mara nyingi ni vumbi tu, na dawa yake ni rahisi. Lakini sumaku isiyosema kabisa ni gharama. Kama besi ina betri ndani, fahamu ya kuwa kwa kawaida hiyo huliwa muda wote waya uwapo umechomekwa. Kwa hiyo uchomoe kila umalizapo.

La tano ni mwili wako mwenyewe. Besi nyingi zapata kilo 4 hivi. Ivae kwa mkanda wake, usimame robo saa. Ikiwa kichwa chake chavuta kwenda chini, mkono wa kushoto utafanya kazi ya kuibeba badala ya kuipiga. Mwenye vidole vifupi asione haya kutafuta besi ya uzi mfupi, wa inchi 30, badala ya ile ya kawaida ya inchi 34.

Tena usiidharau besi iliyotumika. Mara nyingi ile iliyopigwa miaka kumi na shingo yake ikabaki sawa imekwisha kuonyesha tabia yake. Ila udai hati ya mauzo, ili usije ukanunua machozi ya mtu mwingine.

Hapa twakumbuka habari ya Paul McCartney wa The Beatles. Mwaka 1961, alipokuwa kijana akipiga katika vilabu vya Hamburg, Ujerumani, hakuwa na fedha za kununua besi ya Fender. Akanunua ya Höfner, yenye umbo la fidla, kwa bei ya pauni 30 hivi. Naye ni mtu wa shoto, na umbo lile, kwa kuwa lalingana pande zote mbili, halikuonekana vibaya lilipogeuzwa. Besi hiyo iliyochaguliwa kwa ufupi wa mfuko ikasikika dunia nzima. Mwaka 1972 iliibwa garini mjini London, na miaka zaidi ya 50 ikapita kabla haijatangazwa, mwezi wa Februari 2024, kwamba imepatikana na kurudi kwa mwenyewe. Wewe nawe andika namba ya besi yako na makovu yake yote, uipige picha, na karatasi hizo uziweke mbali na besi yenyewe.

Mkononi mwako itunze. Baada ya kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, kwa maana jasho na hewa ya chumvi ya pwani hula chuma. Usiiache ndani ya gari juani, wala usiiegemeze ukutani palipo unyevu. Majira ya mvua na ya kiangazi mti hutanuka na kunywea, na shingo husogea nao; usistaajabu. Ufunguo wa fimbo ya shingo uugeuze robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha ungoje siku moja, na mara ya kwanza umwombe fundi akuonyeshe. Kadhalika usiipige besi kwa nguvu katika mashine ndogo ya gitaa la kawaida, maana sauti nene husukuma spika kwa mwendo mrefu na huweza kuipasua.

Katika kupiga, anza kwa uchache. Kidole cha shahada na cha kati vipokezane juu ya uzi mmoja, huku saa ya muziki ikigonga pole pole. Viganja vizimishe nyuzi zisizopigwa, kwa maana katika besi kunyamaza ni nusu ya kazi. Ukiwa na mpiga ngoma, sikiliza mguu wake kabla ya kusikiliza mikono yake; ngoma ya mguu na uzi wako vikianguka pamoja, hata wimbo wa sauti tatu tu utawainua watu vitini. Na dalili ya kuwa umeanza kufahamu ni hii: utaacha kutamani kusikika, utatamani wenzako wasikike vizuri.

Mwisho twawaonya juu ya ugonjwa mmoja uwapatao wapenzi wengi wa chombo hiki. Mtu anunua besi, na kabla haijaizoea mikono yake, aona nyingine katika picha, akasadiki kwamba ile ndiyo itakayompa ufundi. Mwaka wa tatu ana besi nne na nyimbo mbili. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi mashuhuri za Motown mjini Detroit, alitumia hasa besi moja ya Precision ya mwaka 1962, yenye nyuzi nzito laini ambazo hakupenda kuzibadili, na mkono wake wa kulia ulipiga kwa kidole kimoja tu cha shahada. Besi hiyo iliibwa muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1983, lakini mwizi hakuweza kukiiba kile kidole, na wapigaji wa leo wangali wakijifunza kwa kuzisikiliza sahani alizozipiga.

Basi, rafiki zetu, chagueni kwa makini mara moja, kisha mkae na kile mlichokichagua. Uzi mnene haupendi mtu wa haraka. Twawatakia mazoezi mema, na majirani wenye subira. Kwa herini.